Jogoo wa Ngangari

Katika kigongo chote cha Kwemkungu hakuna mtu aliyesimika mfumo wa mashine mara nyingi kuliko mimi. Wanawake, wanaume, hata vijana waliorudi na vyeti vya chuo, wote nimewaacha nyuma, na sioni haya kulisema. Sasa ngoja nijishushe mwenyewe kabla hujanishusha wewe. Anayejua kusimika husimika mara moja, akaenda zake kupika. Mimi nilisimika mpaka herufi A ikafutika kwenye kibodi.

Zaina, mke mwenzangu, alisimika mara moja tu.

Mume tuligawana bila kelele. Mzee Shemhilu alikuwa na zamu zake, siku mbili kwangu, siku mbili kwa Zaina, na kati ya nyumba zetu kulikuwa na ua wa masale wenye pengo la kupitia. Watu walikuja kutazama wake wenza wasiogombana, wakarudi wamechoka kwa kukosa cha kusimulia. Mume hakutugombanisha. Mashine ndiyo iliyotugombanisha.

Kura ilipigwa uwanjani, mbele ya ghala la viazi. Bwana Singano, mkaguzi wa mseto, alikuja na kapu lililojaa flashi, kila moja imefungwa kwenye kitambaa chake.

"Shikamooni, mama zangu," alisema. "Sheria mnaijua. Mahindi na maharage. Nyumba zinazopakana haziwashi mfumo mmoja. Ukimya tuliuona mara moja, inatosha."

Ukimya tuliuona sote tuliokuwa na macho. Enzi zile nchi nzima iliwasha mfumo mmoja, mikononi, mezani, mahospitalini. Mfumo ukaugua asubuhi, na kufikia jioni mabomba yalikuwa mapambo ya ukutani kuanzia pwani hadi maziwa makuu. Vile vidude vya mkononi vilitupwa, hakuna aliyevitaka tena. Ndipo wakubwa wakagundua kitu ambacho bibi yangu alikijua kwa jembe tu: shamba la zao moja ni karamu ya mdudu mmoja. Kila nyumba ikapewa mashine yake ya mezani. Hiyo ndiyo inayotandaza nyavu za ukungu juu ya paa tupate maji, ndiyo inayowasha jiko na pasi, ndiyo inayochemsha ya kuoga. Na kila mashine ina mfumo wa aina yake.

Singano akatugeukia mimi na Zaina.

"Nyinyi wawili ndiyo kabisa. Mzee analala kwa zamu na mashine yake ya pumzi anatembea nayo. Ile haijui kupuliza kwa akili yake. Inaambiwa na mashine ya mezani, sasa puliza kwa nguvu, sasa polepole. Nyumba moja ikizimika, mzee avushwe ya pili. Kwa hiyo nyumba yoyote itakayobainika imevunja mseto haikai na mgonjwa. Zamu zake zote zinahamia nyumba nyingine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba," alisema Zaina kwa ile sauti yake iliyopakwa asali.

Akatumbukiza mkono kapuni, akatoka na Upole. Watu wakampigia vigelegele. Nikatumbukiza wangu, nikatoka na Ngangari. Watu wakanipa pole. Ukiona unapewa pole kabla hujaugua, ujue ugonjwa wako una jina.

*

Zaina alichomeka flashi akaenda kuoga. Alipotoka na khanga yake kifuani, Upole ilikuwa imeshajisimika, imeshazitambua nyavu, jiko na bomba, na ikamsalimia kwa jina. Hata printa ya Mzee, iliyokuwa imekufa tangu mjukuu wetu wa kwanza hajazaliwa, ilifufuka ikatoa karatasi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwake na sahani ya magimbi niliyompelekea kumpongeza. Nilirudi nayo.

Ngangari haikupi mfumo. Inakupa unga, maji na mwiko, halafu inakutazama.

Swali lake la kwanza lilikuwa: diski igawanywe vipi? Nikaandika: kwa haki. Ikajibu kwamba amri hiyo haijulikani. Nikaona kumbe nimeletewa mtu wa serikali nyumbani.

Ngojeni niwaeleweshe. Mifumo mingine huletwa imeshapikwa, unapakua unakula. Ngangari huletwa mbichi, na kila kipande inakipikia papo hapo kulingana na chuma cha mashine yako, ndiyo maana wanaoijua wanasema haizeeki na haivunjwi na mdudu wa kawaida. Sawa. Lakini kila kipande kinamtegemea mwenzake. Nilitaka jiko. Ikasema jiko linataka saa. Saa ikataka kujua tuko eneo gani. Eneo likataka mtandao. Mtandao ukataka kiendeshaji chake. Nikauliza kiendeshaji kiko wapi. Ikasema kipo mtandaoni.

Siku hiyo tulikula magimbi yaleyale, yamepoa.

Na ikimaliza kupika, huwika. Aliyeitengeneza sijui alilelewa wapi, lakini alimtia jogoo ndani yake, anawika mara tatu kwa sauti inayofika ng'ambo ya bonde, kutangaza kwamba kazi imekwisha. Ngangari upande ule wa kigongo ilikuwa yangu peke yangu, kwa hiyo jogoo yule alikuwa wangu peke yangu, na kila mtu alimjua. Nilimnyamazisha. Ijumaa, masasisho yakaingia, akarudi. Nikamnyamazisha tena, Ijumaa akarudi. Kila sasisho lilimrudisha jogoo, kama shemeji aliyezoea kula kwako.

Upole hujisasisha watu wamelala, haimwamshi mtu. Ngangari ikijisasisha inakuita uje ushuhudie. Ikimaliza, kitu kimoja kimeanguka. Wiki hii jiko, wiki ijayo nyavu zinagoma kutandaa na ukungu unapita juu ya paa lako unakwenda kwa wengine, nawe umekaa chini unasoma mistari myeupe kwenye skrini nyeusi kama unasomewa hukumu.

"Dada Mwantumu," Zaina aliniita siku moja kutoka upande wake wa ua. Alikuwa anachambua maharage, amekaa kivivu kama paka wa tajiri. "Naona tangu asubuhi umeinamia meza. Masasisho?"

"Masasisho."

"Pole, dada. Mimi yangu hata sijui kama ipo."

Angenitukania mama, ningemsamehe mwezi wa Ramadhani. Neno hili halikuwa na mwezi wake.

"Ndiyo ubaya wa Upole," nikamwambia. "Mtu unaishi na kitu ndani ya nyumba hukijui kinafanya nini. Mimi Ngangari nikiiuliza usiku ilishinda na nani, inanieleza neno kwa neno. Yako inakufanyia, mdogo wangu. Yangu inanitii."

Huo ulikuwa uongo ulionyooka. Ngangari hainitii mimi wala mtu yeyote. Lakini Zaina aliacha kuchambua.

"Unaiulizaje?"

"Nini?"

"Ukitaka ikueleze inachofanya. Unaandika nini?"

Nikamtajia amri moja, nikamtajia na ya pili, kidevu juu. Akazirudia kwa midomo bila sauti, macho kwenye ungo. Nikajua ananicheka.

*

Kisha Mzee akaanza kuchelewa.

Zamu yangu ikifika, badala ya kumwona asubuhi kwenye pengo la ua na mashine yake ya pumzi imening'inia begani kama mkoba wa bibi harusi, namwona adhuhuri.

"Mwantumu, kifua," ananiambia.

"Kifua kimefanyaje?"

"Kimegoma kupita kwenye ua."

"Ua una pengo, Mzee. Ng'ombe anapita."

"Ng'ombe hana pumu."

Nilijua kinachomchelewesha. Kwa Zaina maji ya moto yanaanza kumwagika kabla mtu hajavua kofia. Kwangu Mzee alikuwa anaita kutoka bafuni, "Mwantumu, yamekuwa barafu," nami niko mezani najibu, "Vumilia, inatafuta kiendeshaji," na siku moja nikamsikia kule bafuni akijisemea taratibu, kama mtu anayeomba dua, "Kwa Zaina sasa hivi wanapika sambusa."

Wivu wa mume nilikuwa nimeumaliza zamani. Mwaka alipoolewa Zaina niliuchukua, nikaupika, nikaula, nikaosha na sufuria. Huu ulikuwa wivu wa chuma. Chuma hakiivi. Nilikuwa nalala naisikia mashine ya Zaina ng'ambo ya ua, na kilichoniuma ni kwamba hakukuwa na cha kusikia. Ilikuwa kimya kabisa. Nilikuwa naona wivu juu ya kimya.

*

Kwemkungu tuna desturi ya moto. Zamani, jiko lako likizimika, unachukua kigae unakwenda kwa jirani kuomba kaa. Moto haunyimwi, hata kama jana mlitupiana mawe. Siku hizi kaa ni flashi, tunaiita kijinga, na kila nyumba inacho chake chenye mfumo wake. Mashine yako ikigoma, unaiwasha kwa kijinga cha jirani, unapikia cha siku hiyo, unatengeneza ya kwako, unarudisha. Na ukichukua cha mwenzako unamwachia chako, ili asibaki mikono mitupu. Wazee wanasema moto wa kuomba unapikia, haujengi nyumba.

Siku ile Ngangari ilikuwa imeamka imesahau kwamba ina skrini. Nikaenda kwa Zaina.

"Hodi."

"Karibu, dada. Imekufa?"

"Imepumzika."

Akanipa kijinga chake bila maneno. Nilipogeuka akaniambia, haraka kidogo, "Acha na chako, dada. Ndiyo desturi." Nikamwachia.

Nikachomeka, nikashika ungo wa mchele. Sijafika katikati, skrini ikawaka rangi ya anga, ikaandika: Karibu, Mwantumu. Jiko limepatikana. Nyavu zimepatikana. Maji yamepatikana. Kisha ikaniuliza swali moja, kwa adabu, kama mgeni mwenye mzigo mlangoni: Nikae leo tu, au nihamie?

Chini yake vitufe viwili. Leo tu. Hamia.

Nilimkumbuka Singano na mahindi yake. Nilimkumbuka Mzee, nyumba moja ikizimika, avushwe ya pili, na ya pili ndiyo hii. Sitasema sikuelewa. Nilielewa kuliko Singano mwenyewe, maana yeye halali na kikohozi kile ubavuni. Lakini bafuni bomba lilikuwa limeshaanza kutoa mvuke, bila mtu kuliomba. Nikajiambia Ukimya ulikuwa zamani. Nikajiambia mdudu gani wa pwani atapanda baridi hii. Ukitaka kujua mtu ameshaamua, msikilize anavyoanza kuuliza maswali yasiyo na mwenye kujibu.

Nikabonyeza Hamia. Mchele ulikuwa bado kwenye ungo.

Lililobaki lilikuwa jogoo. Kigongo kizima kingeuliza Ijumaa, Mwantumu, jogoo wako kafa? Kwa bahati sauti yake nilikuwa nayo. Nikaiambia Upole iilize kila Ijumaa, ikaniambia vyema, Mwantumu. Nikaifunika skrini kwa kitambaa changu cha kufuma chenye maua, kile kilichokuwa juu ya redio, mtu asione uso wa nani uko chini yake.

Zamu yangu ilipofika Mzee akaoga. Alikaa kule ndani mpaka nikaogopa. Alitoka anang'aa kama nyanya, akakaa kwenye kiti chake, mashine ya pumzi ikampulizia taratibu kama mama anayepooza uji.

"Mwantumu," akasema, "Ngangari imetulia siku hizi."

"Nimeitia adabu."

Zamu yake ikaisha, akasema kifua kimegoma kupita kwenye ua. Nilimjibu kwamba si vizuri kulazimisha kifua.

Kijinga cha Zaina sikukirudisha, na yeye hakukidai. Changu hakukirudisha, nami sikukidai. Nikaona ni usahaulifu wa watu wenye raha. Ila raha yenyewe alikuwa haionyeshi. Alianza kuwa na macho mekundu, na mara moja nikaona nyavu zake zimeporomoka mchana kweupe, ukungu unampita juu ya paa. Nikasema ni upepo. Nikafurahi kidogo, kiasi cha kijiko cha chai, nikaendelea na kazi zangu.

*

Ijumaa moja ukungu ulishuka mpaka kwenye vizingiti. Niliingia jikoni, jiko halikunijibu. Bomba halikunijibu. Nikafunua kitambaa. Skrini ilikuwa nyeusi, na katikati neno moja jeupe: Pole.

Kabla sijakaa chini nikasikia kipaza sauti cha Singano kinapanda na barabara.

"Tangazo. Upole zote zimeugua. Narudia, Upole zote, kuanzia Tanga mpaka huku. Zimejifunga. Msizilazimishe kwa kijinga chochote, zitafuta kila kitu. Ninapita na ufunguo nyumba kwa nyumba. Wenye mifumo mingine wapeni majirani msaada. Wagonjwa wavushwe nyumba jirani."

Jirani mwenye mgonjwa alikuwa Zaina, maana zamu ilikuwa yake. Nyumba ya kuvushiwa ilikuwa yangu. Nyumba ya tatu iko ng'ambo ya bonde, na Mzee habebeki kwenye utelezi ule.

Nilifunika skrini. Nikalinyoosha ua moja la kitambaa lililokunjika. Sikuwa na akili nyingine.

"Hodi, dada."

Walikuwa kwenye pengo la ua, Zaina kamshika Mzee kwapani. Nilichokiona kwanza ni kanzu. Kanzu ya Ijumaa, nyeupe, imepigwa pasi, mkunjo wa mikono unaweza kukatia kitunguu. Hata siku ya msiba, nikasema moyoni, hata siku nchi imelala, huyu mwanamke lazima anionyeshe kwamba mume wake ananyooka. Taa ya mashine ya pumzi ilikuwa bado ya kijani.

"Umesikia tangazo?" Zaina aliuliza.

"Nimesikia. Poleni sana."

"Yangu imekufa kabisa." Alikuwa anaangalia kandambili zake. "Nimekuletea. Muunganishe, dada, akiba ya betri yake si nyingi."

"Inapika," nikasema.

"Inapika nini?"

"Masasisho. Si Ijumaa leo?"

"Itamaliza saa ngapi?"

"Ngangari haipangiwi saa, Zaina. Unamuuliza mtu mzima saa za kutoka chooni?"

Wakakaa. Mzee kwenye kiti chake, Zaina kwenye ukingo wa kitanda, nami nimesimama mbele ya meza kama askari wa benki. Mashine ya pumzi, kwa kukosa wa kuiambia, ilianza kupuliza kwa kukisia. Mara hewa nyingi mno, mara kidogo mno. Mzee alikuwa anaifuata kama mtu anayecheza ngoma asiyoijua.

"Mbona umeifunika?" Zaina aliuliza.

"Inaona haya."

"Dada."

"Vumbi, basi. Vumbi linaingia kwenye vipande vikiwa vibichi."

Taa ikawa ya njano. Zaina akaiona, nami nikaiona, kila mmoja akajifanya anaangalia dirisha. Nikamwona anafungua mdomo, anaufunga. Nikajua ananituhumu.

"Sijamsikia jogoo," alisema mwishowe.

"Atawika."

"Akiwika tutajua iko tayari?"

"Akiwika tutajua."

"Basi mharakishe, dada. Nakuomba. Andika zile amri zako."

Nikasema nakwenda kutazama waya nyuma ya pazia.

Nyuma ya pazia hakukuwa na waya. Kulikuwa na mimi na ukuta. Singano yuko barabarani na ufunguo; nikimwita, atafungua, Mzee atapumua. Lakini atafunua kitambaa, na sheria aliisema mbele ya ghala la viazi: haikai na mgonjwa. Kandambili za Mzee zingehama. Kofia yake ingehama. Siku mbili kwa Zaina, na siku mbili nyingine kwa Zaina. Mimi ningebaki na maji ya moto ya kutosha kigongo kizima na hakuna wa kuyaoga. Na nikikaa kimya? Niliisikia pumzi yake kupitia pazia. Ilikuwa inakatika kama uzi unaong'atwa. Labda Singano atapita mwenyewe, nikajiambia. Labda betri ina zaidi ya inavyoonyesha. Maswali yasiyo na mwenye kujibu, yalikuwa yameanza tena.

Basi nikafanya nilichofanya. Mimi bibi wa wajukuu kumi na kitu, nyuma ya pazia la chumba changu, nilivuta pumzi, nikawika.

Nikawika mara tatu. Ya tatu ilinikwama kooni, ikatoka kama mbuzi.

Mzee akacheka.

Hapo ndipo nilipoharibu, maana kicheko kina bei kwenye mapafu yale. Alicheka mara moja, kikohozi kikamshika, hakikumwachia. Nilipotoka, taa ilikuwa nyekundu, midomo yake imegeuka rangi ya zambarau, na mkono wake umekamata sketi ya Zaina.

Sikufikiri tena. Nilivuta kitambaa. Maua yangu yakaanguka chini, na skrini nyeusi ikamwangalia Zaina na neno lake moja. Kila mtu mlimani anajua ni mfumo gani unaosema pole.

"Ni Upole," nikasema. "Nilihamia kwa kijinga chako. Haipiki kitu, imekufa tangu asubuhi. Mshike, mimi nakimbia barabarani kumwita Singano. Zamu zangu chukua, Zaina. Zote. Kandambili ziko chini ya kitanda."

Nilisubiri matusi. Nilikuwa nimeyapunguzia bei moyoni, nimeyakubali hata kabla hayajafika. Zaina hakutukana. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, kwa sababu ilikuwa namna ya mtu aliyekwama, na hapo aliyekwama nilijua ni mimi. Kisha akamwinua Mzee, akaanza kwenda naye, si barabarani. Kwenye pengo la ua.

"Unampeleka wapi? Singano yuko huku."

"Nyumbani."

"Nyumbani kuna nini? Mashine yako imekufa, umesema kwa mdomo wako."

"Kuna hewa nzuri zaidi," alisema bila kugeuka. "Dirisha langu linaelekea mlimani."

"Mtu anakata roho unamtafutia mandhari?"

Nikamkimbilia, nikamshika Mzee upande wa pili. Nilitegemea atakuwa mzito. Hakuwa mzito. Alikuwa anatangulia yeye, hatua fupi fupi, kama ng'ombe anayejua zizi lenye chumvi liko wapi. Na mkono wangu ukiwa kwapani mwake, shavu langu likiwa begani pake, nikaisikia kanzu. Ilikuwa bado na joto.

"Zaina," nikasema. "Kanzu hii umeipiga pasi lini?"

"Jana."

"Jana ina moto hivi?"

"Twende, dada, tutaulizana baadaye."

Tulikuwa katikati ya pengo, masale yanatugusa mabega. Mashine yangu iko nyuma yetu, imekufa. Mdomo wangu, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, umefungwa. Na mbele yetu, kutoka dirisha la Zaina lile linaloelekea mlimani, jogoo akawika. Mara moja, mara mbili, mara tatu, sauti nzima isiyo na mbuzi ndani yake, ikavuka bonde ikarudi.

Ijumaa. Masasisho ya Ngangari yalikuwa yamemrudisha.

Zaina alisimama. Mzee hakusimama, alituvuta sote wawili, midomo yake ya zambarau imeshaanza kutabasamu kwa sababu mlango ulikuwa pale.

"Ni jogoo wa jirani," alisema Zaina.

"Jirani yako ni mimi, Zaina."